HADITHI YA MTOTO MGONJWA NI YA NANI?

Katika mafunzo ya utabibu huko Marekani, hadithi imepewa nafasi darasani. Daktari Rita Charon wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwandishi wa Narrative Medicine (2006), aliwaagiza wanafunzi wake wawe na daftari la pili. Katika faili la hospitali huandikwa vipimo na dawa. Katika daftari hilo mwanafunzi huandika, kwa lugha ya kawaida, mambo ya mgonjwa yasiyo na mahali katika faili, pamoja na huzuni yake mwenyewe. Kisha huwasomea wenzake.

Njia hii twaisifu, kwa maana humfundisha tabibu kumwona mtu aliye nyuma ya ugonjwa. Lakini tukiipima kando ya kitanda cha mtoto aliye mahututi, upungufu waonekana. Msimuliaji ni mtu mzima. Mtoto husimuliwa tu.

Hapa kitabu cha zamani zaidi chatufaa: The Private Worlds of Dying Children (1978), cha mwanaanthropolojia Myra Bluebond-Langner, aliyekaa na watoto wa Marekani wenye saratani ya damu. Sehemu yake moja imeandikwa kama mchezo wa kuigiza, nasi twawasikia watoto wenyewe wakinena. Mwandishi aonyesha kwamba watoto wadogo, bila kuambiwa na wakubwa, walijua kuwa wanakufa. Walijifunza kwa wagonjwa wenzao. Waliacha kuzungumza habari za siku za mbele. Tena walinyamaza mbele ya wazazi na madaktari, wakiona kwamba hao hawataki neno hilo litajwe. Mtoto alimlinda mkubwa.

Wachungaji, tusiwanyoshee matabibu kidole. Ni mara ngapi tumeingia wodini na hadithi yetu tayari, tukaomba, tukatoka? Samweli naye aliogopa kumweleza Eli maono yake. Kuhani huyo mzee alikuwa amemrudisha mtoto kulala. Lakini asubuhi alimsihi asimfiche neno, nalo lilikuwa hukumu juu ya nyumba yake mwenyewe.

Basi mafunzo haya na yaendelee, ila daftari lianze na maneno ya mtoto, na yale aliyoacha kuyasema. Ndipo mwanafunzi, tabibu au mchungaji, aulize kama Eli alivyouliza, akiwa tayari kulipokea jibu. Asiyeweza kulipokea humwacha mtoto peke yake na jambo analolijua.