Nyimbo 436,223 Zilivyorudishwa Kutoka Kwenye Kaseti

Jumanne ya tarehe 6 Machi 2012, Google ilitangaza jina jipya, Google Play, lililounganisha duka lake la programu za simu, vitabu, filamu na muziki. Mchana wa siku hiyo hiyo mtumiaji mmoja wa huduma ya muziki alileta lalamiko: nyimbo zilizokuwa zikicheza vizuri sasa zinarukwa. Lalamiko la namna hiyo halimshtui mtu. Lilipokelewa kama tatizo la kawaida la muziki kukatika mtandaoni, likapelekwa kwa wahandisi.

Kesho yake mhandisi aliyepewa kazi hiyo aligundua kwamba mtandao hauna kosa. Taarifa za wimbo zilikuwepo, lakini kielekezi kinachoonyesha faili la sauti lilipo hakikuwepo. Angeweza kukirudisha kimoja, akafunga kesi na kwenda kula chakula cha mchana. Badala yake aliuliza nani amekifuta. Jibu lilikuwa baya kuliko alivyotarajia: kilifutwa na mfumo wa Google wenyewe, ule uliotengenezwa kwa makusudi ili ufute nyimbo kwa wingi na kwa kasi.

Mfumo huo haukuwa wa hila. Mtu akifunga akaunti au akiondoa wimbo, faragha inadai kwamba faili liondoke kweli, lisibaki limejificha kwenye diski fulani. Kwa huduma iliyomruhusu kila mteja kupakia nyimbo hadi 20,000, ufutaji hauwezi kufanywa kwa mkono. Hufanywa kwa hatua nyingi, kwenye mashine nyingi, zote zikienda kwa wakati mmoja, na kila hatua hutegemea kwamba iliyotangulia imemaliza. Hapo ndipo kosa lilipokaa. Mara chache hatua mbili zilipishana vibaya, na wimbo ambao bado ulikuwa na mwenyewe ukahesabiwa kuwa takataka. Wahandisi walisimamisha ufutaji, wakapitisha kazi ya kuhesabu hasara kwenye data yote. Vielekezi takriban 600,000 vilikuwa vimeondolewa bila haki, vya watumiaji 21,000.

Msomaji atajiuliza: kampuni yenye vituo vya data katika mabara kadhaa ilikosa vipi nakala ya pili? Haikukosa. Tatizo ni kwamba nakala zinazoishi kwenye diski zilizounganishwa hutii amri zile zile. Amri ya kufuta ikitolewa, inafuata nakala zote kwa uaminifu ule ule. Google ilikuwa imeonja hilo mwaka mmoja kabla. Tarehe 27 Februari 2011, sasisho la programu ya hifadhi lilifuta barua za asilimia 0.02 ya watumiaji wa Gmail, na nakala kwenye vituo vingine hazikusaidia kitu kwa sababu hitilafu ilizifikia pia. Barua zilirudi kutoka kwenye mikanda ya sumaku. Kampuni ilieleza wakati huo, bila aibu, kwamba mkanda uko nje ya mtandao, kwa hiyo hitilafu ya programu haiwezi kuugusa. Wengi walishangaa kusikia kwamba Google bado inatumia mikanda.

Hakukuwa na cha kushangaza. Mkanda ni teknolojia ya zamani, IBM iliuingiza kwenye kompyuta za biashara mwaka 1952, lakini haujawahi kuacha kukua. Katika LTO, aina ya mkanda wa kompyuta inayotoka kwa vizazi, kaseti ya LTO-5 ya mwaka 2010 ilibeba terabaiti 1.5, na ya LTO-9, iliyotoka 2021, inabeba terabaiti 18 kwenye utepe wenye urefu wa mita 1,035. Kaseti iliyo kwenye rafu haili umeme, na virusi vya kufunga faili kwa ajili ya fidia haviwezi kuifikia ikiwa imechomolewa.

Ubaya wake unajulikana na yeyote aliyewahi kuutafuta wimbo mmoja wa taarabu katikati ya kaseti ya zamani: huwezi kuruka, lazima utepe upite. Kusoma kaseti nzima ya LTO-9 kwa kasi yake kamili ya megabaiti 400 kwa sekunde huchukua saa 12 na nusu. Sasa chukua data ambayo timu ya muziki ilitakiwa kuisoma mwaka 2012, petabaiti 1.5. Kwa kisomaji kimoja cha LTO-5, chenye kasi ya megabaiti 140 kwa sekunde, kazi hiyo ingekula siku 124 bila kupumzika. Timu iliimaliza karibu yote kwa siku nne tangu sababu ijulikane. Uchambuzi wa maana unaanzia hapo: siku hizo nne zilipatikana wapi?

Zilianza kwenye katalogi. Wahandisi waligawanyika, kundi moja likawinda hitilafu na jingine likashughulikia urejeshaji. Kundi la pili lilipaswa kwanza kujua ni nini kilichopo kwenye mikanda. Katalogi ya nakala za akiba, yaani daftari la kielektroniki linalosema faili fulani liko kwenye kaseti fulani, ilijibu: kati ya nyimbo 600,000, nyimbo 436,223 zilikuwa zimenakiliwa. Nyingine kama 161,000 zilimezwa na hitilafu kabla hazijafika kwenye mkanda. Hesabu hiyo ya mwisho haikuwa ya kufurahisha, lakini kuijua mapema kulikuwa na thamani kubwa. Kulifanya hasara igawanywe mara moja katika mafungu mawili yenye dawa tofauti, badala ya watu kusubiri siku kadhaa wakitumaini kwamba mikanda itatoa kila kitu.

Katalogi pia ndiyo inayoamua mpangilio wa kazi. Ukirejesha mtumiaji mmoja baada ya mwingine, kaseti moja itaingia na kutoka kwenye kisomaji mara mia. Ukipanga maombi kwa kaseti, na ndani ya kaseti ukayapanga kwa nafasi yalipo kwenye utepe, kila kaseti inaingia mara moja na kupita mara moja. Ofisi nyingi zinazolalamika kwamba mkanda ni wa polepole zimeshindwa kwenye upangaji. Vifaa vyao havina kosa.

Kisha ikaja kazi ya mwili. Kaseti zilizohitajika zilizidi 5,000, na hazikuwa kwenye kituo cha data. Zilikuwa kwenye ghala la mbali, kama inavyostahili, ili moto unaochoma seva usichome na nakala zake. Zilisafirishwa kwa malori.

Maktaba ya mikanda ni kabati la chuma lenye mamia au maelfu ya vishimo, visomaji kadhaa, na mkono wa roboti unaoteleza kwenye reli. Kila kaseti ina lebo yenye mistari ya msimbo: alama sita za utambulisho, kisha mbili za kizazi, kama L5. Mkono unasoma lebo, unaichomoa kaseti, unaipeleka kwenye kisomaji, unairudisha. Kaseti kutoka nje huingia kupitia kidirisha chenye nafasi chache kwa mkupuo, na roboti huzipokea moja moja. Kwa kaseti kumi utaratibu huu unapendeza kutazama. Kwa 5,000 ni balaa.

Mafundi wa Google waliliacha hilo la roboti. Miaka ya mazoezi ya maafa, ambayo kampuni imekuwa ikiyafanya kila mwaka tangu 2006, ilikuwa imewafundisha kwamba kwa wingi huo mkono wa binadamu unaishinda mbinu ya mtengenezaji wa mashine. Walizipachika kaseti kwa mikono. Baada ya kazi ya namna hii maktaba huachwa izisome lebo upya ili ijue nani kakaa wapi. Hakuna mwongozo wa muuzaji ambao ungewaambia wafanye hivyo, na hakuna aliyeligundua usiku wa dharura. Lilikuwa limekwisha kupimwa siku za utulivu, wakati kukosea hakumgharimu mteja wimbo hata mmoja.

Mikanda nayo haikukosa vituko. Kaseti kumi na saba zilikuwa mbovu. Katika kaseti 5,000 kiwango hicho ni kidogo, chini ya asilimia 0.4, lakini kwa mwenye nyimbo zilizokaa kwenye kaseti hizo hasara ni kamili. Kilichookoa ni kwamba data ilikuwa imeandikwa pamoja na kaseti za kufidia: ukiwa na za kutosha katika kundi, yaliyomo kwenye iliyokufa yanaweza kukokotolewa upya. Kaseti hizo za kufidia zilikuwa kwenye ghala jingine, ikabidi malori yatoke tena. Kufikia asubuhi ya Jumapili, tarehe 11 Machi, zaidi ya asilimia 99.95 ya urejeshaji ilikuwa imekamilika.

Zile 161,000 hazikuwa na mkanda, kwa hiyo zikatafutiwa njia nyingine. Nyingi zilikuwa za dukani au za matangazo, na nakala zake asilia zilikuwa salama. Zilizobaki zilipakiwa na wateja wenyewe, basi seva zikaagiza programu iliyo kwenye kompyuta za wateja ipakie tena mafaili hayo. Ilichukua zaidi ya wiki. Kwa maneno mengine, nakala ya mwisho ya Google ilikuwa kompyuta ya mteja.

Sifa zisifiche dosari. Aliyegundua kasoro ni mteja, na mfumo uliokuwa ukifuta kwa kasi kubwa haukuwa na mlinzi wa kuuliza kwa nini nyimbo za watu wasiofunga akaunti zinaondoka. Wahandisi wa Google walilikiri hilo walipoyaandika haya yote katika kitabu chao cha mwaka 2016 kuhusu uendeshaji wa mifumo, na wakaujenga upya mfumo wa ufutaji. Funzo hilo linatuhusu zaidi sasa kuliko wakati huo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 kuhusu taarifa binafsi zinampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe. Benki, hospitali na kampuni za simu zitalazimika kuwa na mitambo ya kufuta, na mtambo wa kufuta unaokosea ni hatari kuliko diski inayokufa, maana diski huonekana imekufa.

Kinyume cha kisa hiki kilitokea GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya waandishi wa programu. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi aliyekuwa akihangaika na hifadhidata iliyozidiwa alifuta folda kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alipozuia amri, kati ya gigabaiti kama 300 zilibaki 4.5. Walipokwenda kwenye nakala za kila siku wakakuta sanduku tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo 9.2 la PostgreSQL wakati hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo kila mara ilijifia. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilitumwa, lakini hazikuwa na sahihi ya uthibitisho, zikakataliwa na seva ya barua. Kimya kikatafsiriwa kuwa salama. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliipiga kwa mkono, kwa shughuli nyingine kabisa, saa sita kabla ya ajali. Huduma ilirudi baada ya saa 18 hivi, ikiwa imepoteza saa sita za kazi za watu.

Visa viwili, na tofauti yao haiko kwenye bei ya vifaa: iko kwenye kujaribu urejeshaji kabla ya ajali. Anayesimamia seva ya nakala Dar es Salaam au Mombasa anakutana na maswali yale yale kwa kiwango kidogo. Kazi ikiandika kwamba imeshindwa kusoma kaseti, jambo la kwanza ni kuijaribu kaseti hiyo hiyo kwenye kisomaji kingine: ikisomeka, kasoro ni ya kisomaji, pengine kinadai kaseti ya kusafishia, isiposomeka kote, ni mkanda. Kunakili kukienda kwa kusuasua, mara nyingi seva inayotoa mafaili madogo kwa mamilioni haiwezi kukilisha kisomaji kwa kasi kinayotaka, nacho kinasimama, kinarudi nyuma, kinaanza tena, kikiuchakaza utepe na kichwa chake. Dawa ni kukusanya data kwenye diski kwanza, kisha kuimwaga kwa mkupuo.

Yapo mawili yanayosahaulika zaidi. Katalogi na funguo za usimbaji zikikaa kwenye seva ile ile inayolindwa, seva ikiungua, kaseti zote zinakuwa plastiki yenye lebo. Na kisomaji cha LTO-8 hakisomi kaseti ya LTO-6 wala ya LTO-5. Anayenunua mashine mpya na kuuza ya zamani kama chuma chakavu ajue anauza pia mlango wa kumbukumbu zake za miaka iliyopita.

Kwa hiyo ombi kwa mwenye dhamana ya mitambo hii: wiki hii chagua faili moja la mwaka juzi, agiza kaseti yake kutoka ghala, irejeshe kwenye mashine isiyo ya asili yake, kisha andika imechukua saa ngapi tangu simu ya kwanza hadi faili kufunguka. Tarakimu hiyo mpelekee mkurugenzi pamoja na bajeti.