Mwanamke Mvuani na Mzee Asiyesikia

Katika hadithi fupi ya Sherwood Anderson iitwayo "Adventure" kuna mzee mwenye masikio mazito ambaye nadhani hajasifiwa vya kutosha. Anatokea mwishoni, usiku wa mvua, akijikongoja kurudi kwake. Anaitwa, hasikii vizuri, anauliza kwa sauti kubwa ameambiwa nini, kisha anaendelea na njia yake. Hatajwi jina. Lakini hadithi nzima inamwegemea yeye.

Anderson alizaliwa mwaka 1876 katika jimbo la Ohio, Marekani, akakulia Clyde, mji mdogo wa mashamba na maduka. Novemba 1912 aliinuka ofisini kwake Elyria akaondoka kwa miguu. Baadaye, akiwa mpangaji wa chumba Chicago, akaandika visa vya watu wa mji wa kubuni aliouita Winesburg, na kitabu chake, chenye hadithi hii, kikatoka mwaka 1919. Magazeti ya wakati ule yalipenda hadithi yenye mkasa na mshtuko wa mwisho. Yeye akaandika habari za watu ambao karibu hakuna kinachowatokea, ila wanatamani, na hamu hiyo hawana wa kumwambia.

Alice Hindman ana miaka 16 anapompenda Ned Currie, kijana wa gazeti la mji. Usiku wa mwisho kabla Ned hajasafiri wanalala pamoja kwenye majani kando ya kijito, na Ned anasema kuwa tangu sasa hawataachana. Anakwenda Cleveland, halafu Chicago. Barua zinakuja karibu kila siku, kisha zinachelewa, kisha hazipo. Alice anapata kazi katika duka la vitambaa, anaweka akiba ili amfuate, anajiunga na kanisa. Upweke unapomzidi, analikunja blanketi kitandani lipate umbo la mtu, analiongelesha kwa upole. Sasa ana miaka 27. Ndipo usiku mmoja mvua inanyesha, naye anavua nguo zote, anashuka ngazi na kukimbilia nje.

Miaka 11 Anderson anaipitisha katika kurasa chache, kwa sauti ya mtu anayesimulia bila kuficha. Wanaoanza kuandika huambiwa wasieleze, waonyeshe tu. Anderson anaeleza. Mapema kabisa anatuambia kwamba chini ya utulivu wa mwanamke huyu kuna kitu kinachochemka mfululizo, na bado anapotoka nje moyo unaruka. Msimulizi anayelijua jambo lake haogopi kulitaja mapema, na bibi zetu walisimulia hivyohivyo.

Hapa Ipyana, katika bonde la mpunga na kokoa la Kyela, subira ya Alice haihitaji maelezo. Miaka ya 1930 vijana wa Kinyakyusa walikwenda kutafuta fedha kwenye dhahabu ya Lupa, huko Chunya. Baadaye wengi walivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine wakachukuliwa na Wenela, shirika lililoajiri vibarua wa migodi, hadi Johannesburg. Wapo waliorudi na mali, wapo walioanzisha maisha mengine hukohuko. Nyuma yao walibaki wanawake waliopanda mpunga, wakavuna, wakapanda tena.

Mtu anayeandika kuhusu mji mdogo huvutwa kwanza na majirani. Wanachungulia, wanasengenya, wanahukumu, na kisa kinajiendesha chenyewe. Euphrase Kezilahabi aliwapa jamaa na majirani kazi kubwa katika Rosa Mistika ya mwaka 1971. Barua ya kijana Charles inafika mikononi mwa Zakaria, baba yake Rosa, na kipigo kinafuata. Pale Ukerewe hamu ya binti inagongana na mkono wa mzazi, na riwaya inapata nguvu katika mgongano huo. Naipenda kwa sababu hiyo. Anderson anachagua njia ngumu zaidi, kwani Alice hana wa kumpiga wala wa kumzomea. Mama yake hajui. Kijana angepita pale, kisa kingekuwa cha hatari. Jirani mwenye masikio mazima angekifanya cha umbea. Anapita mzee asiyesikia, na Alice anaanguka chini, anasubiri mzee atokomee, anatambaa kwenye majani mpaka ndani. Kisha anasukuma meza ya kujipambia na kuziba mlango, ingawa hakuna anayekuja. Hapo ndipo ninapomwona fundi: aibu imekuja bila shahidi hata mmoja.

Na Unyakyusa ni nchi ya mashahidi. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alieleza jinsi mkamwana alivyopaswa kumkwepa baba mkwe: asimtazame, na akimwona anakuja aiache njia. Katika Good Company, kitabu chake cha mwaka 1951, alieleza pia vijiji vya rika, ambamo vijana walijijengea nyumba zao na kusubiri ng'ombe wa mahari kwa miaka, huku wazee wakioa mke juu ya mke, na wasiwasi uliozuka kati ya baba na wana kwa sababu hiyo. Wamoravia, waliojenga misheni Ipyana miaka ya 1890, waliongeza masharti yao: mke mmoja, na ibada.

Mwandishi wa hapa akitaka kuandika hamu ya mtu, walinzi wote hao watamjia mezani wakidai nafasi, na kila mmoja ana kisa kizuri. Namshauri awajue wote, kila njia ya kukwepa na kila mwiko, halafu awaondoe mmoja mmoja. Baba mkwe awe amekwenda Itungi, majirani wawe wamelala. Abaki mwanamke, na mtu mmoja anayepita. Ukanda huu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili inapopiga juu ya mabati na migomba, anayeita uani hasikiki barabarani. Mpita njia wetu anaweza kuwa na masikio mazima kabisa.