Filamu Iliyoliona Tundu

Mwaka 2007 ilitoka filamu ya Kimarekani iitwayo A Walk to Beautiful, iliyoongozwa na Mary Olive Smith. Jina lake lina maana ya mwendo wa miguu kuelekea uzuri. Inawafuata wanawake watano wa Ethiopia ambao, baada ya uzazi uliokwama, mkojo unawatoka mchana na usiku. Nimeitazama mara tatu. Nusu yake ya kwanza naipenda kila mara, na nusu ya pili nagombana nayo kila mara. Ugomvi huo nauandika hapa kwa sababu sisi tuliofanya kazi ya ukunga tunakutana nao hata pasipo na kamera.

Nianze na haki yake. Filamu hii imeielewa njia. Mwingine angekimbilia chumba cha upasuaji, kwenye taa kali na mikasi. Smith anakaa na nyayo na vumbi, na saa nyingi za kutembea mpaka barabara ya basi, kisha safari ya Addis Ababa, kwenye hospitali ambayo Reginald na Catherine Hamlin waliianzisha mwaka 1974. Mwanamke anayevuja hawezi kukaa ndani ya basi siku nzima bila abiria wenzake kugeuza shingo, na ugonjwa huu humpata zaidi yule ambaye hata nauli hana. Hata kwetu Tanzania njia ndiyo iliyoshinda wengi. Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa, maana matibabu yalikuwa bure lakini basi halikuwa bure.

Chanzo pia kimeelezwa vizuri: kichwa cha mtoto kinakwama siku mbili tatu, kinakigandamiza kibofu kwenye mfupa wa nyonga, nyama inakosa damu, inakufa, kisha inabanduka na kuacha tundu. Mtoto mara nyingi hufa. Hakuna uchawi hapo wala laana, na filamu inalisema hilo bila kumcheka yeyote aliyeamini vinginevyo.

Lakini wakishafika hospitali, hadithi inanyooka mno. Mgonjwa analazwa, tundu linazibwa, anaamka mkavu, anavaa nguo mpya, anaagana na wenzake. Machozi yananitoka kama yanavyomtoka kila mtu. Hata hivyo madaktari wa fistula huuliza maswali mawili, si moja: tundu limefunga? Na mama amekauka? Jibu la kwanza likiwa ndiyo, la pili laweza kuwa hapana. Msuli unaofunga njia ya mkojo unaweza kuwa ulikufa pamoja na nyama ile, au kibofu kimejikunja kwa makovu hata hakibebi kitu. Si wanawake wachache wanaotoka na tundu lililozibwa barabara huku wakilowa kila wanaposimama.

Filamu yenyewe inaye mmoja asiyekauka. Ni binti aliyepasuliwa zaidi ya mara moja bila kupona, mwisho wanamjaribishia kizibo kidogo cha kuingizwa kwenye njia ya mkojo. Uso wake anapoambiwa kwamba upasuaji mwingine hautasaidia ndio ukweli mkubwa kuliko yote katika filamu hii. Lakini muongozaji amemweka kama bahati mbaya ya pembeni, penye wenzake waliofuzu. Mimi ningemweka katikati.

Lawama yangu ya pili ni kwamba filamu inaanza ikiwa tayari na jibu. Kila anayefika ana fistula. Hatuoni sana uchunguzi, na uchunguzi ndiyo kazi yenyewe. Swali la kwanza halihitaji mashine: mama, mkojo unakutoka lini? Anayesema unamtoka wakati wote, kitandani na shambani, hasa tangu uzazi fulani, huyo ndiye wa kushukiwa tundu. Anayetokwa akikohoa, akicheka au akinyanyua ndoo ana udhaifu wa misuli ya chini ya nyonga. Anayebanwa ghafla, akikimbilia choo mkojo ukamtangulia, ana kibofu chenye haraka. Na yupo ambaye kibofu chake hakimwagiki chote, kinafurika kidogo kidogo. Mkojo upimwe, maana maambukizi na kisukari huweza kuleta shida hiyo hiyo. Tundu likitiliwa shaka na halionekani, kibofu hujazwa kwa mpira maji yenye rangi ya buluu, ukeni vikiwa vimewekwa vipande vitatu vya gozi. Kipande cha ndani au cha kati kikipata rangi, tundu lipo baina ya kibofu na uke. Kikilowa bila rangi, mashaka yanahamia kwenye mirija itokayo figoni. Kikiwa cha nje peke yake chenye rangi, huenda mkojo unapita njia yake ya siku zote, ila mlango haufungi. Dakika chache tu, na ningependa sana kuziona kwenye filamu.

Ataniambia mtu kwamba filamu si kitabu cha uganga. Sawa. Ila mara ya pili niliitazama na jirani yangu, mama wa watoto sita, ambaye kwa miaka mingi hufunga kipande cha kanga kuukuu kila aendapo kanisani kwa sababu ya kikohozi. Ilipokwisha akaniambia, "Dada, kumbe mimi sina tundu. Basi yangu ni uzee tu." Alikuwa na miaka arobaini na minane. Filamu ilikuwa imemfundisha kwamba kuvuja kunakotibika ni kwa wale wa kwenye picha. Kwake yeye limebaki lile neno letu baya la kikojozi, ambalo tunampa mtoto kitandani kisha tunampa na mama mzima bila kuona haya. Nilimwonyesha kubana misuli ile anayoitumia kuzuia hewa isimtoke hadharani: mara nane, mara tatu kwa siku, miezi mitatu bila kuruka. Alicheka sana. Nikamwambia pia aende kupimwa, maana mazoezi yasipotosha kuna kipete cha kuvaa ndani, na kuna upasuaji. Kwa kibofu chenye haraka kuna njia nyingine, ya kukizoeza kusubiri na, ikibidi, vidonge.

Smith hakuahidi kuyasema haya, najua. Alichagua fistula, na fistula ilistahili kuchaguliwa. Lakini wodi ya wanawake wanaovuja haina ugonjwa mmoja, na mwenye kamera aliyeweza kuvumilia saa za njia ya vumbi angeweza kuvumilia na meza ya daktari, pale mama anapoulizwa lini, anainama, na inachukua muda kabla hajajibu.