Mateke ya Farasi na Ufundi wa Kipeo

Mwaka 1898 Ladislaus von Bortkiewicz, mtakwimu mzaliwa wa St. Petersburg, alichapisha huko Leipzig kitabu chembamba kuhusu kile alichokiita sheria ya namba ndogo. Ndani yake mna jedwali ambalo walimu wa takwimu hawajaacha kulifundisha hadi leo: askari wa jeshi la Prussia waliouawa kwa teke la farasi, kikosi kwa kikosi, mwaka kwa mwaka, tangu 1875 hadi 1894. Vikosi 14, miaka 20, kwa hiyo visanduku 280. Waliokufa ni 196.

Nalipenda jedwali hili kwa sababu linauonyesha vizuri ufundi ambao wengi huupita mbio wakikimbilia kompyuta: kuujua mgawanyo wa uwezekano kwa kuupitisha kwenye fankisheni ya kuzalisha momenti.

Jina ni zito kuliko kazi yenyewe. Chukua namba yoyote ya nasibu, iite X. Chukua e, ile namba inayoanza na 2.718, ipe kipeo cha t mara X, kisha tafuta wastani. Basi. Hiyo t haisimamii kitu chochote duniani. Ni mpini tu wa kushikia. Mteremko wa fankisheni hiyo pale t inapokuwa 0 ni wastani wa X. Mteremko wa ule mteremko ni wastani wa X kwa kipeo cha pili, na humo ndimo unamopatikana mtawanyiko. Ukiendelea, momenti zinatoka moja baada ya nyingine kama shanga uzini.

Ila raha hasa iko kwenye kujumlisha. Namba mbili za nasibu zisizotegemeana zikijumlishwa, njia ya kawaida inakudai upekue kila namna ambayo jumla ile ingeweza kupatikana. Kwa fankisheni hizi unazidisha tu, kwa kuwa e ikizidishwa kwa e, vipeo vyake hujumlika.

Tumchukue askari mmoja. Uwezekano wa kuuawa kwa teke mwaka huu ni p. Fankisheni yake ni 1 + p(eᵗ − 1), haina zaidi. Wakiwa askari n, tunaizidisha mara n: [1 + p(eᵗ − 1)]ⁿ. Huo ni mgawanyo wa binomia. Sasa askari wawe maelfu kwa maelfu, p iwe ndogo mno, ila zao lao np libaki palepale, tuliite λ. Mabano yale yanayeyuka na kuwa e kwa kipeo cha λ(eᵗ − 1). Tayari tumeufikia mgawanyo wa Poisson, uliomo katika kitabu cha Siméon Denis Poisson cha mwaka 1837 kuhusu uwezekano katika hukumu za mahakama. Tumefika bila kugusa faktoriali hata moja.

Tusiiache kalamu bado. Logi asilia ya fankisheni hiyo ni λ(eᵗ − 1). Mteremko wake kwenye 0 ni λ. Mteremko wa mteremko ni λ tena. Katika logi, mteremko wa kwanza ndio wastani na wa pili ndio mtawanyiko. Kwa maneno mengine, Poisson anatoa sharti: wastani na mtawanyiko lazima vilingane. Sharti la namna hiyo unaweza kulipeleka kwenye jedwali ukalipima.

196 kwa 280 ni 0.70. Visanduku 144 havina kifo, 91 vina kimoja, 32 viwili, 11 vitatu, 2 vinne. Mtawanyiko wake ni 0.76. Wastani na mtawanyiko vimekaribiana, havijalingana. Pengo dogo hivyo linaweza kuletwa na bahati peke yake. Lakini Bortkiewicz alikuwa ameona kwamba vikosi vinne, kikiwemo kile cha Walinzi, havikuundwa kama vingine, na ukichanganya λ zisizolingana, mtawanyiko hupanda juu ya wastani. Akaviweka kando. Vilivyobaki ni visanduku 200 na vifo 122. Wastani 0.61. Mtawanyiko 0.61. Siku ya kwanza nilipoikokotoa kwa mkono niliirudia mara tatu, nikiamini nimekosea mahali.

Fundi wa kazi hii ana jicho la kutambua. Fankisheni ikiwepo pande zote mbili za 0, ni ya mgawanyo mmoja tu, haina pacha. Ndiyo maana akikutana na e kwa kipeo cha μt + σ²t²/2, anajua papo hapo kwamba huo ni mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, hata kama ameufikia kwa njia asiyoitarajia. Akiona λ/(λ − t), anajua ni muda wa kungoja, na anakumbuka kwamba t isifike λ.

Anajua pia panapogoma. Mgawanyo wa Cauchy hauna fankisheni hii kabisa. Ule wa logi-kawaida una momenti zote, kila moja namba halali, na bado kwa t yoyote inayozidi 0 wastani wa e kwa kipeo cha tX hauna mwisho. Mwenye haraka huandika hapo jibu lisilokuwepo. Kuliona pengo hilo kabla ya kuandika, kwangu mimi, ndiko kuhitimu.

Mwalimu unayesoma haya, kabla hujawaruhusu vijana wafungue programu, waandikie ubaoni namba tano za vile visanduku 200, kuanzia visivyo na kifo hadi chenye vinne: 109, 65, 22, 3, 1. Kisha wape penseli, na uwaache wautafute mtawanyiko wenyewe.