Pua Iliyomeza Uso

Mliotazama onyesho la uchoraji la Jumamosi mliona wenyewe: mbwa aliyechorwa alitoka pua tupu. Brashi haina lawama hapa. Kosa lilifanyika dakika ya kwanza kabisa, mchoraji alipowekewa mezani picha tatu za mbwa huyo zilizopigwa kwa simu akaokota ile ya karibu.

Turudi pale mezani. Picha ya kwanza ilipigwa uani, mpigaji akiwa hatua tatu hivi kutoka kwa mbwa, simu ikiwa usawa wa macho ya mnyama. Ya pili ilikuwa na ukungu, haifai. Ya tatu ilipigwa kwa kumwinamia, simu nusura iguse pua. Macho yalimeta, vinyweleo vya paji la uso vilihesabika, na hapo ndipo mchoraji aliponasa. Akaipigia gridi, akahamisha mraba kwa mraba pasipo kusahihisha chochote.

Hesabu ya umbali si ngumu. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka puani, masikio yako kama sentimita 50. Pua inakuzwa karibu mara 1.7 kuliko masikio. Rudi nyuma mita 2, na tofauti hiyo inashuka hadi 1.1 tu. Gridi haiyajui haya, inanakili kosa kama lilivyo. Ndiyo maana fuvu lilisinyaa, masikio yakawa majani mawili ya kubandika, na shingo ikapotea. Mwenye mbwa, ambaye mnyama wake ameshakufa, alisimama mbele ya turubai kimya, kisha akasema: "Macho ni yake." Hakutaja kingine.

Na macho hayo yangeweza kuazimwa! Picha ya uani ilikuwa na fuvu zima, taya, mkao wa masikio. Umbo lingetoka huko, mng'ao wa macho ungetoka kwenye ile ya karibu. Picha tatu huletwa kwa sababu hiyo.

Kwenye rangi hakukosea. Weusi wa manyoya aliupatia: bluu ya ultramarini na kahawia ya amba, bila kugusa nyeusi ya tyubu.

Nimeshasema katika safu hii na sitachoka kusema: gridi na projekta zimetulemaza mikono. Wachoraji wetu wanaijua picha, mbwa hawamjui. Mchoraji George Stubbs alikaa miezi 18 kijijini Horkstow, Uingereza, akipasua mizoga ya farasi, ndipo mwaka 1766 akachapisha kitabu chake cha anatomia. Hata mbwa aliowachora wana mifupa chini ya ngozi. Edwin Landseer alionyesha hadharani picha yake ya mbwa wa aina ya Newfoundland aliyelala ukingoni mwa gati mwaka 1838, mwaka mmoja kabla Daguerre hajaitangazia dunia ugunduzi wake wa picha za kamera. David Hockney, aliyezoea kamera miaka mingi, alipotaka kuwachora mbwa wake wawili mwaka 1995 aliwachora wakiwa hai mbele yake.

Mbwa aliyekufa hatakaa mbele ya mchoraji, nakubali. Basi mchoraji na achore mbwa hai kumi wa mtaani kwake kabla ya kupokea kazi ya namna hiyo. Nawe mwenye mbwa, leo angali hai, piga magoti, rudi nyuma hatua tatu, simu iwe usawa wa macho yake, ndipo umpige picha.