Mkeka Ukutani

Wapo jamaa katika miji yetu ya pwani ambao sikukuu ya Idi huwafungulia majirani milango, wakapanga barazani mikeka, kofia na vikapu, watu wakaja kutazama, kununua na kula haluwa. Twawapongeza. Lakini mara nyingi mkeka hutundikwa ukutani kama picha, na msusi wake hayupo.

Kasoro hiyo si ndogo. Majani ya ukindu huanikwa, huchanwa, huchemshwa katika rangi. Kisha husukwa ukili, utepe mwembamba mrefu, ambao hatimaye hushonwa ubavu kwa ubavu hata ukawa mkeka. Mgeni asiyeuona ukili vidoleni mwa msusi hujadiliana bei kana kwamba ananunua nyanya. Kofia ya viua nayo, vitobo vyake hushonewa kingo kwa sindano, kimoja kimoja, kwa majuma mengi.

Hudaiwa kwamba kumketisha fundi mbele ya wageni ni kumfanya kichekesho. Hatukubali, maadamu amealikwa, amekula kwanza, na kazi aishike apendapo. Linalomdhalilisha ni kuuziwa jasho lake pasipo kutajwa jina. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam, aliwafunza ndugu zake kando yake. Alipofariki mwaka 1972, mtindo wake haukuzikwa naye.

Basi mkeka mmoja ushushwe, utandikwe, wageni wavue viatu waketi. Na watoto wapewe nyuzi za ukindu, hata wakiziharibu.