Ufundi wa Kuingoja Bei

Fundi ninayetaka kumsifu hana karakana. Hana randa, hana cherehani, hana mwanagenzi wa kumshikia taa. Ana kikapu cha ukindu, noti chache alizozifundika kwenye pindo la kanga, na hesabu ya mwezi aliyoihifadhi kichwani. Ni shangazi yangu, mkazi wa Miburani kisiwani Mafia, na ufundi wake ni kununua. Tumezoea kuwasifu waunda majahazi na wasuka mikeka. Mnunuzi hatumsifu, kwa sababu kila mtu hununua. Lakini kila mtu hupika pia, na tunajua kuna kupika na kuna kuivisha tu.

Mtazame siku nyanya zinapoletwa. Nyanya nyingi za kisiwani hutoka bara: hufika Nyamisati, pwani ya Kibiti, zikavushwa hadi Kilindoni, kisha zikapakiwa kwenye pikipiki kuja vijijini. Siku tenga linapofunguliwa, zingali ngumu na zinang'aa, watu huzigombania na muuzaji hana sababu ya kushusha hata mia. Siku hiyo Shangazi hanunui. Hupita, akasalimia, akaenda zake. Siku ya pili hupita tena. Alasiri ya siku ya tatu, jua limeshafanya kazi yake na muuzaji ameanza kuuwazia usiku, ndipo huchuchumaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mama hajambo? Mguu wake?"

"Hajambo, bibi. Anajikongoja."

"Na hizi nyanya zako nazo naziona zinajikongoja."

Kijana hucheka, na akishacheka nusu ya kazi imekwisha. Shangazi haulizi bei ya fungu. Huzigeuza nyanya kwa vidole viwili, hii imepasuka, ile ina doa, hii bado nzima, bila kuiminya hata moja wala kuisema vibaya. Kisha huuliza bei ya zote, nzima na masalo, ili kijana afute meza aende kwao mapema. Buku tatu. Hunyamaza. Buku mbili na jero. Bado kanyamaza, ila sasa anafundua pindo la kanga, taratibu, akiuficha mkono, maana muuzaji akishakiona kilichomo mazungumzo hubadilika. Buku mbili, basi, bibi. Na ndimu mbili kijana huzitia kikapuni kwa hiari yake.

Jioni hiyohiyo nyanya nzima hutengwa za kachumbari. Masalo huoshwa, huondolewa palipoharibika, hukatwakatwa na kuchemshwa kwa chumvi mpaka maji yakauke, kisha hukaangwa na kutiwa kwenye chupa ya kioo, mafuta yakielea juu kuzuia hewa. Nyumba inakula mchuzi wenye rangi siku kadhaa kwa fedha ambayo jirani aliitoa siku ya kwanza akapata mafungu manne.

Wapo wanaouita ubahili. Bahili asingeiweza kazi hii hata kidogo. Bahili hushika fedha kwa kuogopa kuachana nayo. Shangazi huitoa yote kwa siku moja, saa yake ikifika, bila mkono kutetemeka. Tena bahili hajui kuhifadhi, na nusu ya ufundi huu ni kuhifadhi. Samaki wakijaa hununuliwa wengi, wengine wakakaangwa wakavu, wengine wakabanikwa, wengine wakapasuliwa na kuanikwa wawe ng'onda. Asiyejua kuhifadhi hafaidiki kwa kungoja, kwa kuwa bei ikishuka ataishia kununua kitu cha kuozea ndani. Akiba haiozi, walisema wahenga. Nadhani walikuwa wakiiwazia akiba iliyotiwa chumvi.

Lakini uzuri wa kazi yake hasa uko baharini. Kisiwani bei haipandi na kushuka ovyo. Ina kalenda, na kalenda hiyo haikuchapwa na mtu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hupwa mbali, miamba ikabaki wazi, na wachokoaji pweza wakashuka na vijiti vyao. Hizo ndizo siku za pweza. Kati ya bamvua na bamvua, maji yakiwa mafu, mwamba haufunuki vizuri na pweza akionekana ni wa bahati, basi bei yake nayo ni ya bahati. Dagaa wana hesabu nyingine. Huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika mbingu dagaa hawaifuati taa, wavuvi wengi hupumzika, na kopo la dagaa hupanda. Kwa hiyo usiku wenye mwezi mkubwa, ambao sisi wa mjini tunausifia kwa uzuri wake, Shangazi huusoma hivi: dagaa ghali, pweza rahisi. Mwezi uleule unaomwambia lini atafunga ndio unaomwambia kesho atanunua nini.

Juu ya mwezi kuna pepo. Kaskazi huleta bahari ya kuendeka na samaki wa kila namna. Kusi likishika katikati ya mwaka, vyombo vidogo hukaa pwani, mizigo ya bara huchelewa, na kitunguu kinaweza kupanda kwa siku mbili tatu za mawimbi. Msimu huo Shangazi hashindani na bahari. Kusi ndio wakati wa mbaazi, na mbaazi za nazi hazimnyimi mtu heshima mbele ya mgeni. Wageni wengi wa mjini hawajui kwamba vyakula tunavyoviita vya asili ya pwani ni hesabu za wanawake waliojua kitoweo kipi kina bei gani mwezi gani.

Hata fedha ina msimu wake. Korosho zikiuzwa, mifuko ikajaa, wenye kanga na vyombo vya plastiki hufika vijijini na bei zao za korosho. Shangazi huzitazama kanga hizo, huzisifu, akasoma maneno yake kwa sauti, akazirudisha zilivyokunjwa. Kanga yake atainunua baadaye, mfanyabiashara akiwa na mzigo asiotaka kuurudisha Dar es Salaam. Sukari, tende na unga wa ngano wa Ramadhani huvinunua Rajabu, akichelewa sana Shaaban. Nazi za kisiwani hukusanywa na wachuuzi mfungo ukikaribia, maana futari za Dar es Salaam huzilipia vizuri kuliko wanaoishi chini ya minazi; naye huwa ameshaweka zake uvunguni.

Kuna mwaka ufundi wote huu haukufua dafu. Mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa na viwanda vya sukari mwanzoni mwa 2024, sukari iliadimika nchi nzima, serikali ikatangaza bei elekezi, na madukani bei ikaendelea kujielekeza yenyewe. Aliyenunua Rajabu na aliyenunua Ramadhani waliumia karibu sawa. Shangazi alipunguza kijiko kwenye chai, akasema bei hii ni bamvua, na maji yakijaa hupwa.

Sikiliza pia jinsi anavyolishughulikia duka. Tuseme mwenye duka anauza sukari kilo shilingi 3,000 na robo shilingi 800. Anayenunua robo kila siku amenunua kilo kwa 3,200 na miguu yake mwenyewe. Maskini hulipa zaidi kwa sababu hana fedha ya kulipa kidogo. Wanawake wa mtaani kwake waliliona hilo zamani, nao hawakulijibu kwa malalamiko. Walicheza upatu. Mfano ni ule wa mchele: kila mmoja hutoa fedha zake, kijumbe huzikusanya, gunia hununuliwa Kilindoni kwa bei ya jumla, likafunguliwa uani mbele ya wote na kugawanywa kwa pishi. Nimewahi kuwatazama wakipima. Anayejaza pishi si yule anayeshika hesabu ya nani amelipa, na fungu la mwisho, ambalo huwa halikutimia, huchukuliwa na kijumbe bila kunung'unika. Punguzo lile halikutolewa na mtu, walilitengeneza.

Na kuna mpaka. Shangazi hapatani bei na mzee anayeuza ndizi zake mwenyewe asubuhi, chana moja tu ya ndizi; humlipa anachotaja. Hakamui bei mpaka muuzaji anune, kwa kuwa muuzaji aliyenuna atamlipiza kesho kwenye kipimo. Biashara haigombi. Mara nyingine hununua kitu asichokihitaji sana kwa kuwa jioni imeingia na mtu ana watoto. Kijana wa nyanya analijua hilo, ndiyo maana zile ndimu. Bei kati yao ina historia: matanga waliyohudhuria, mguu wa mama, deni lililolipwa kabla ya kudaiwa. Ukiichukua bei hiyo ukampa mtu mwingine, haitamfaa.

Ufundi huu umeshapita kwenye tanuri. Miaka ya 1970 bei zilipangwa na serikali, Tume ya Taifa ya Bei ikiundwa mwaka 1973. Baada ya Vita vya Kagera bidhaa zikapotea, sabuni ikawa habari ya kunong'onezana, na mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Bei ilikuwa imeandikwa, ila kitu hakikuwepo. Waliokuwa watu wazima siku zile husimulia kwamba ujuzi uliohitajika ulikuwa kujua siku mzigo unafika na nani atakushikia nafasi kwenye foleni. Kisha biashara ikaanza kulegezwa mwaka 1984, Mzee Mwinyi akashika nchi mwaka uliofuata, ikawa ruksa. Maduka yakajaa. Tulidhani kwa kuwa vitu vimerudi, hatuhitaji tena kujua kuvisubiri.

Hapo ndipo huzuni yangu inapoanzia. Zamani sisi ndio tulioivizia bei. Siku hizi bei ndiyo inayotuvizia. Simu inalia saa tano usiku: ofa kabambe, mwisho leo. Kifurushi ni cha saa 24, kikiisha kimeisha, uwe umekitumia au hukukitumia. Dukani Dar es Salaam bei ya zamani imekatwa kwa mstari mwekundu na chini yake imeandikwa mpya, wala hakuna aliyepo pale aliyewahi kuiona ile ya zamani ikitozwa. Zote hizi zinaitwa punguzo. Lakini punguzo la nyanya lilitokana na jua, na la pweza lilitokana na maji kupwa. Hili limetokana na mtu aliyekaa ofisini akahesabu ni saa ngapi sisi huwa dhaifu. Ametujulia wakati wetu, kazi ambayo zamani sisi ndio tuliomfanyia yeye.

Na bahari yenyewe haisomeki tena kama ilivyosomeka. Pweza wa bamvua wa Mafia ana wanunuzi wanaomngoja ufukweni na barafu, kwa soko la mbali, naye hupimwa kilo na kuondoka kabla hajajulikana kijijini kwamba ameletwa. Sisemi mchokoaji asiuze. Anayelipwa vizuri kwa jasho lake Mungu amzidishie. Nasema tu kwamba siku za wingi, ambazo zamani zilikuwa siku za chungu cha maskini kunukia, sasa zinapita bila chungu kujua.

Palipoondoka ungojaji pameingia mkopo. Kijana anaona ofa, hana fedha, simu hiyohiyo inamkopesha, na ikimkatalia wapo wakopeshaji tunaowaita kausha damu. Kukopa harusi, kulipa matanga. Hununua kwa punguzo la elfu mbili akalipa riba ya elfu nane, halafu humwonyesha Shangazi kile kitu kama ushahidi kwamba amejua kununua. Shangazi hukipokea kwa mikono miwili, akakisifu. Adabu haimruhusu kuuliza.

Nilimwomba siku moja awafundishe wajukuu. Alinijibu kwamba hakuna cha kufundisha, wakae naye tu. Lakini hawakai, wako Kilindoni, wako Dar es Salaam, wako kwenye simu. Hesabu ya mwezi haitawapotea kwa kuwa imepitwa na wakati, maana maji bado yanajaa na kupwa saa zilezile. Itawapotea kwa sababu ina sharti moja wasilolipenda: lazima uwe mtu anayeweza kukitaka kitu leo, akakitazama, akakipitia, akaenda zake. Mama zetu walilea nyumba kwa uwezo huo, na sisi tuliodhani wanatunyima hatukuuchukua. Siku atakapokosekana wa aina yake Miburani, tusimlaumu mwenye duka wala serikali kwamba maisha yamepanda. Sehemu kubwa ya ughali huo tutakuwa tumejitoza wenyewe, kwa kushindwa kungoja siku mbili.